Jinsi nilivyoshusha trigliseraidi toka 4.6 mpaka 1.6

Mwaka jana nilipima damu hapa Dodoma nikaambiwa trigliseraidi, yaani aina ya mafuta kwenye damu, ni 4.6 (mmol/L), wakati inatakiwa iwe chini ya 1.7. Nilichanganyikiwa jamani, maana mimi sio mnene na nyama nakula kwa nadra, nilijua mafuta kwenye damu ni ya wapenda kitimoto tu. Daktari akaniuliza unakunywa nini? Nikamtajia: chai ya sukari vijiko vinne na chapati mbili, mchana soda na ugali wa sembe mlima mzima, jioni waini yetu ya zabibu glasi tatu. Akasema hapo hapo, sukari na pombe ini linageuza kuwa mafuta, yakikaa juu muda mrefu hatari ya ugonjwa wa moyo inaongezeka, na yakipita 5.6 hata kongosho linaweza kuvimba. Akanipima na kisukari maana nacho kinapandisha, nashukuru sikuwa nacho.

Pombe na soda nikaacha siku ileile. Sembe nikahamia ugali wa uwele, kipande saizi ya ngumi, mlenda mwingi, dagaa mara tatu kwa wiki, na kutembea nusu saa kila jioni. Kilichonitesa ni chai bila sukari! Wiki mbili sikuimaliza kikombeni, mpaka mke wangu akaanza kuchemsha na mchaichai na tangawizi, ndo ikashuka kooni.

Baada ya miezi mitatu nikapima tena, nimefunga tangu usiku, 1.6. Mdogo wangu naye nimemkokota akapime, majibu yake Jumatatu.