Kuchora machozi ya Bikira Maria kwa rangi za mafuta

Kabla ya kugusa brashi, itazame "Kushushwa Msalabani" ya mchoraji Rogier van der Weyden, iliyochorwa kabla ya 1443 na iliyopo kwenye makumbusho ya Prado, Madrid. Maria amezimia, mwili wake umepinda vilevile kama wa Mwanawe. Huzuni imo kwenye mkao huo. Machozi ni nyongeza.

Tabaka la kwanza punguza rangi kwa tapentaini. Yanayofuata ongeza mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza mpangilio huo, la juu hukauka kabla ya la chini na uso wa Maria hupasuka nyufa.

Chozi usilijaze nyeupe, litaonekana kama tone la chokaa. Kwa brashi namba 0, yenye ncha nyembamba sana, weka nukta nyeupe upande unaotoka mwanga, ng'arisha kidogo ukingo wa pili, kisha kivuli chembamba pembeni yake.

Hapa Dodoma adui ni vumbi, hasa upepo wa Julai na Agosti. Picha mbichi iegemeze ikitazama ukuta. Vanishi, tabaka angavu la mwisho la kulinda picha, isubiri miezi 6 hadi 12. Na matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze nje, usiyakunje: yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.