Tiketi Mbili

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la sita. Siku chache kabla ya Idi, Mjomba alitupeleka Kongowea mimi na mdogo wangu kununua viatu. Tulirudi kisiwani Mombasa kwa basi, nalo likakwama kwenye foleni juu ya Daraja la Nyali. Tiketi yangu ilikuwa 720720, ya mdogo wangu 720721.

Mjomba alikuwa akiandika hesabu za mfanyabiashara mmoja pale Marikiti, na penseli haikumtoka sikioni. Aliitazama tiketi yangu kwa muda mrefu.

"Usiitupe hii. Igawe kwa nambari yoyote, moja mpaka kumi na sita. Ikibaki kitu, nakununulia dafu."

Nilianza na saba, maana saba ilitutesa sana shuleni. Nikaandika juu ya boksi la viatu: 102,960, hakuna baki. Kumi na moja: 65,520. Kumi na tatu nilikuwa na hakika itakataa, nikakandamiza penseli mpaka ncha ikavunjika. 55,440, na baki hamna.

Mjomba akaufunika upande mmoja wa tiketi kwa kidole gumba. Ikabaki 720. Akauhamisha upande wa pili. 720 tena.

"Nambari ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili kwa kufuatana, umeizidisha kwa 1,001. Na 1,001 ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu."

Mpaka leo sijaonyeshwa kitu kizuri kuliko kidole kile. Zilizobaki zilikuwa kazi ya 720, ambayo ni moja mara mbili mara tatu mara nne mara tano mara sita: humo mna nane, tisa, hata kumi na sita. Kumi na nne inapata mbili huku, saba kule. Kwa hesabu ya shule, 720720 ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha nambari zote 1 mpaka 16, yaani nambari ndogo kabisa inayogawika kwa zote hizo bila baki. Kumi na saba ndiyo inayokwama, inabakisha tano.

Chuoni ndipo nilipojua kwamba ina vigawo 240, yaani nambari 240 zinazoigawa bila baki, na hakuna nambari iliyo chini yake yenye vingi hivyo. Ramanujan, yule mwanahisabati Mhindi, aliziandikia nambari za aina hii makala ndefu mwaka 1915. Nilipoikuta 720720 kwenye orodha yake nilitamani Mjomba awe hai nimwonyeshe.

Mdogo wangu alikuwa amenuna. "Yangu je?"

"Ya kwako ina siri yake," Mjomba akamwambia. "Hebu igawe."

Akagawa kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa nne, moja. Akatutazama, macho yamemtoka. Foleni ikaanza kusogea, naye yuko kwenye saba, boksi la viatu mapajani, akipiga kelele basi zima lisikie: "Moja tena, Mjomba! Moja tena!"