Ford T iliyokuwa inamisi, na koili zake nne

Mi ufundi nimejifunzia gereji ya mjomba Tanga, sasa hivi niko Ohio. Kuna mzee jirani yetu ana Ford Model T ya 1921, inawaka vizuri tu ila ikikuta mlima inamisi (silinda inakosa kuwaka kwa wakati wake) na kutetemeka, na alishashauriwa ang'oe mfumo wote wa moto, yaani wa cheche za plagi, afunge koili moja ya kukuza umeme na distribyuta ya kuugawa kwa kila plagi. Nikamwambia mzee subiri kwanza, nipe wikiendi mbili.

Mi nimekulia kwenye platini (vile vidude vinavyogusana na kuachana kukata umeme wa koili) na distribyuta, cheche moja inapiga pale pale ulipoiseti, Cadillac walishakuwa nayo tangu 1910. T iko tofauti kabisa. Ina sanduku la mbao lenye koili nne, kila silinda na ya kwake, ulimi wa koili unatetemeka zzzz na kumwaga cheche mfululizo, taima, swichi ya kuzunguka iliyo mbele ya injini, ndo inachagua koili ipi ipate umeme. Umeme unatoka kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, sumaku 16 zinazunguka mbele ya koili nyingine 16 zilizotulia, injini ikishawaka betri huihitaji tena! Magneto ya Bosch, mashine ya kuzalisha umeme kwa sumaku, nayo haitaki betri, ila ile inapeleka umeme mkubwa moja kwa moja kwenye plagi.

Siku ya kwanza nilisafisha platini za zile koili nne nikaziseti kwa sikio, kwa betri zote zikalia sawa, kupanda mlima ikamisi vile vile. Kumbe umeme wa sumaku unakuja kwa mawimbi, wimbi moja kila digrii 22.5 za mzunguko, koili iliyo nzito kuitikia inalikosa wimbi lake inangoja linalofuata, kwa hiyo silinda ile inachelewa digrii 22.5 nzima, sasa hapo injini itatulia vipi?

Nikafungua koili zote, nikachimbua lami iliyojazwa ndani, nikatoa kondensa (vifaa vya kuhifadhi umeme kidogo) za zamani zilizokufa nikaweka mpya, halafu moja moja nikaiseti ivute ampea 1.3, hapo ndo zikalingana.

Jumapili ya pili mzee akapandisha lever ya kushoto ya usukani juu kabisa ili cheche ichelewe, maana ukisahau hendeli ya kuwashia injini inarudi nyuma na kuvunja mkono, akazungusha mara moja tu ikawaka. Tukaupanda ule mlima hadi juu bila kumisi hata kidogo, na lile sanduku la mbao bado liko kwenye gari.