Moroko, na Ijumaa iliyotukwamisha Fes

Kibanda changu cha kushona mikoba na viatu vya ngozi kiko Kinondoni, mwendo mfupi wa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Morocco. Kwa hiyo mwaka juzi nilipoaga kwamba mimi na mke wangu tunakwenda Moroko, jirani yangu muuza chipsi alinitazama kwa huruma. "Morocco si hapo tu, fundi. Mbona unaaga kama unakwenda Hija?"

Tangu turudi, kila mteja anayekuja kuulizia mkanda humalizia na swali hilohilo: Moroko mtu akae siku ngapi? Nimechoka kulijibu huku nina gundi vidoleni, acha niliandike.

Ratiba ya kwanza niliitunga peke yangu, usiku, nyuma ya karatasi ya kukatia pochi. Fedha zetu zilitosha kulala mara nane. Nikagawa: Casablanca mara moja, Fes mbili, Chefchaouen moja, Tanger moja, Rabat moja, Marrakech mbili. Miji sita! Nilijiona mjanja, maana nauli ya ndege ni ileile uone mji mmoja au uone sita. Mama watoto akaisoma hadi mwisho, akanirudishia.

"Hii si safari, baba Zuhura. Hizi ni Mbio za Mwenge. Tunafika, tunapokelewa, tunaondoka."

Chefchaouen ikafutwa hapohapo. Ni mji mzuri wa milimani, kuta zake zimepakwa buluu, lakini treni haifiki huko, ni basi kwenda na basi kurudi. Tanger niliipigania. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Kilwa, na Ibn Batuta, yule msafiri wa kale, aliyefika Kilwa mwaka 1331 alizaliwa Tanger, mwaka 1304. Nikamwambia mke wangu kwamba mzee yule alipopita Mombasa alilala usiku mmoja tu, kesho yake akatweka kuja Kilwa. Kama yeye usiku mmoja ulimtosha, sisi ni nani? Akaniuliza alitoka kwao lini na akarudi lini. Nikasema alitoka 1325, akarudi 1349. "Basi," akasema, "ukipata likizo ya miaka ishirini na nne, tutapita na Tanger."

Ikabaki hivi: Casablanca mara moja, Fes mbili, Rabat moja, Marrakech tatu, kisha Casablanca tena mara moja ili tusikimbizane na ndege. Nikadhani imekaa sawa.

Siku ya kufika usiihesabu kabisa. Sisi tulipitia Istanbul, tukatua Casablanca Jumatano alasiri, macho mekundu, saa zao zikiwa nyuma ya zetu kwa saa mbili. Dirham huendi nayo kutoka Dar, kwa kuwa ni fedha ya matumizi ya ndani ya nchi yao, kwa hiyo unapanga foleni uwanjani kubadilisha dola. Mpaka upande treni ya kuingia mjini, jua limezama na unachotaka ni kitanda.

Casablanca yenyewe nusu siku inatosha. Huo ni uamuzi wangu, wenyeji wake watanisamehe. Tuliona Msikiti wa Hassan II, uliokamilika mwaka 1993, sehemu yake imejengwa juu ya bahari na mnara wake unapita mita 200. Wasio Waislamu nao huingia, kwa ziara za kuongozwa. Dereva wa teksi aliposikia tunatoka Tanzania akasema, "Simba!" Nikafurahi. Kisha akasema, "Wydad," akatabasamu. Ndiyo timu ya mji wao iliyoitoa Simba kwa penalti, Aprili 2023. Nikageuka kutazama dirishani.

Alhamisi mchana tukapanda treni ya Fes, kama saa nne hivi njiani, tukafika giza limeshaingia. Na hapa ndipo ratiba yangu ilipopasuka, kwa sababu siku yetu nzima ya Fes, ile moja tu, ilikuwa Ijumaa.

Mimi Mwislamu, na mimi mwenyewe hufunga kibanda Ijumaa mchana. Wala halikunipitia kichwani! Ijumaa, mji mkongwe wa Fes hunyamaza. Maduka mengi hayafunguki kabisa, vichochoro vinabaki na paka, na watu wako nyumbani wakisubiri kuskusi ya familia. Nilikwenda Moroko kwa ajili ya ngozi. Nilitaka kuona Chouara, ile sehemu yenye mabirika ya mawe ambamo ngozi hulowekwa na kutiwa rangi kwa mikono na miguu ya watu. Siku hiyo nilichokiona ni milango ya mbao iliyofungwa.

Sikukosa yote. Niliswali Ijumaa Qarawiyyin, msikiti ambao inasimuliwa ulianzishwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859. Kulia kwangu na kushoto watu walisimama mikono imening'inia ubavuni, maana kule ni madhehebu ya Maliki, na mimi nimefunga yangu kifuani kama tulivyofundishwa madrasa huku kwetu. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Wasio Waislamu huishia mlangoni pa Qarawiyyin, ila madrasa ya Bou Inania, ya karne ya 14, iko wazi kwa wote, na kwa nakshi zake za mbao na plasta mtu anaweza kukaa saa nzima ameinua shingo.

Tiketi za treni ya Rabat, za Jumamosi asubuhi, zilikuwa zimeshalipwa. Usiku ule mke wangu aliziweka juu ya mto. "Tumetoka Kinondoni kuja kuona ngozi au kuona makufuli?" Tukaziacha ziungue. Rabat ikafa, Marrakech ikapungua kutoka mara tatu kuwa mbili, na Fes tukalala mara nne.

Jumamosi ule mji ukawa mwingine kabisa. Magari hayaingii, mizigo inabebwa na punda na nyumbu, na wachungaji wao wanapaza sauti "Balak! Balak!" Ndiyo simile yao, ukichelewa kujibanza ukutani, kwato ni zako. Tukaifuata harufu hadi Chouara. Mlangoni pa duka tulipopandia wakatupa majani ya nanaa tuyashike puani, na neno ni hilohilo, nanaa. Kutoka darini unaona mabirika meupe yenye chokaa na kinyesi cha njiwa, ambacho hulainisha ngozi kabla ya rangi, na pembeni yake mabirika mekundu, ya kahawia, ya manjano, na wanaume wamezama hadi mapajani. Mimi ngozi hununua ikiwa tayari imesindikwa, imekunjwa, haina harufu. Nilisimama pale kwa karibu saa mbili. Muuza duka alikata tamaa ya kuniuzia koti.

Jumapili ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote, na haikuwa kwenye karatasi yoyote. Nilikaa kwenye kigoda cha mzee anayeshona balgha, zile ndara za manjano zenye ncha, ambazo kisigino chake hukanyagwa. Hatukuwa na lugha. Nilimwonyesha picha za makubadhi yangu kwenye simu, akacheka, akanipa msharasi na kipande cha ngozi ya mbuzi. Akakosoa mishono yangu kwa kuifumua.

Jumatatu yote ilikwenda kwenye treni, Fes hadi Marrakech ni mwendo wa karibu saa saba. Hiyo nayo ni siku usiyoihesabu. Marrakech kulala mara mbili kulitutosha, kwa sababu kitu chake kikubwa, uwanja wa Jemaa el-Fnaa, hukipata jioni: moshi wa nyama, ngoma, wasimulia hadithi. Mchana wake ni maji ya machungwa na jua. Ukipotea sokoni, tafuta mnara wa msikiti wa Koutoubia, rudi mwanzo.

Tulikwenda mwishoni mwa Novemba, na usiku wa Fes ulitunyoosha. Zile nyumba za zamani zina ua wazi katikati, na baridi inashuka humo kama iliyoalikwa. Chukua sweta. Na kama ni mwezi wa Ramadhani, hesabu upya kila kitu, kwa sababu mchana migahawa mingi imefungwa na mji unaamka usiku.

Shemeji yangu anakwenda mwezi ujao. Juzi alipita kibandani na ratiba imechapwa vizuri, ina rangi, miji saba kwa siku tisa, Tanger ndani. Sikuisoma yote. Nilimuuliza tu Ijumaa atakuwa wapi. Akatoa simu, akafungua kalenda, akakaa kimya muda mrefu.