Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa nyama na majike "tasa"

Saa 11 alfajiri nipo machinjioni, upande wa Buhongwa, koti na buti nimeshavaa. Kiti moto, yaani nyama ya nguruwe, kitakacholiwa Mwanza mchana wa leo kinapita kwanza mikononi mwangu. Kazi niliyoajiriwa kuifanya ni kuangalia mapafu, ini, moyo, tezi na minyoo ya tegu kwenye misuli, kisha kugonga mhuri. Kizazi huwa kinatupwa pamoja na matumbo. Nimewaomba vijana wanaochinja wakiweke pembeni kila anapoletwa jike aliyeuzwa kwa sababu "hazai", na wananisaidia sana kwa hilo. Leo wameletwa watatu.

Saa 12 na nusu. Wa kwanza ametoka Misungwi. Alipokuwa hai nilishaona kinyama kirefu kimechomoza kwenye uke wake, na bandani alikuwa akiwapanda majike wenzake. Ndani nakuta mji wa mimba kamili, ila mahali pa ovari ya kulia pana korodani. Huyu ni huntha, mwenye viungo vya kike na vya kiume. Nguruwe wengi wa namna hii wana kromosomu za kike kabisa, XX, na kasoro yenyewe huweza kurithiwa, kwa hiyo mwenye banda anapaswa kuwaangalia ndugu zake kabla ya kuchagua wa kuzalisha.

Wa pili ukimtazama juu juu hana kasoro. Pembe zote mbili za mji wa mimba ni nzuri, ovari zinafanya kazi. Lakini mirija ya kupitisha mayai, ambayo kawaida ni myembamba kama uzi, imevimba na kujaa maji pande zote mbili. Jike huyu huja joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21 au karibu na hapo, hupandishwa, halafu hurudi joto tena. Mfugaji hulaumu dume, anakodi jingine, hela inazidi kuondoka. Mbegu na yai haviwezi kukutana, na hakuna dawa ya kuizibua mirija hiyo. Kumuuza ulikuwa uamuzi sahihi.

Wa tatu ndiye aliyeniuma. Kizazi chake ni kizima kabisa: hakuna usaha, hakuna vifuko vya maji, hakuna palipoziba. Ovari zimejaa vinundu vya nyama, kila kimoja mahali yai lilipotoka. Alikuwa anatoa mayai, na mimba hana. Mwenye naye alisema hajamwona na joto kwa miezi kadhaa. Jike wa hivyo ama joto lake lilipita bila mtu kuliona, ama kuna kitu kinavizuia vinundu hivyo visiyeyuke, mwili unajiendesha kama wenye mimba.

Saa 3 nakunywa chai na kumpigia mwenye nguruwe, mama mmoja wa Kisesa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Alikuwa na nini yule?"

"Kizazi chake kizima, mama. Nyumbani umebakiwa na wengine?"

Akakaa kimya kidogo. "Ninao. Na mmoja ndio hivyo hivyo, mnunuzi anamfuata Jumamosi."

Nikamwomba amzuie mnunuzi.

Saa 5 nimefika kwake kwa bodaboda, barabara ya Usagara–Kisesa. Banda safi, maji yapo. Nikainama kwa vitoto vya kike vya miezi mitatu, na jibu likawa hapo: uke umevimba na kuwa mwekundu, wakati umri wa joto bado uko mbali. Mmoja kuvimba ningeweza kupita, lakini walikuwa wote.

"Mama, naomba kuona chakula chao."

Stoo ina dagaa waliovunjika wa kutoka mwaloni Kirumba, pumba za mpunga, na magunia ya mahindi yaliyolazwa juu ya sakafu, yameegemea ukuta wenye unyevu. Punje zina ukungu mweupe na wa rangi ya waridi.

"Hayo si ya ugali," akaniwahi. "Ni ya nguruwe."

Nalisikia neno hilo kila kona ya Kanda ya Ziwa, na mimi nalipinga kwa nguvu zangu zote. Ukungu wa aina ya Fusarium huzalisha sumu iitwayo zearalenoni, inayofanya kazi mwilini kama estrojeni, homoni ya jike. Nguruwe huathirika nayo kuliko mifugo mingi. Wadogo huvimba uke, wakati mwingine hata njia ya haja kubwa au uke hutoka nje. Wakubwa huacha kuja joto. Kuyachemsha mahindi hakuiondoi. Kuyapeleka kwa kuku nako nimemkataza, maana ukungu huwa na sumu zaidi ya moja.

Nikachukua sampuli ya maabara, lakini sikutaka asubiri majibu. Magunia yametolewa leo leo, mahindi mapya yatakaa juu ya mbao, mbali na ukuta. Vitoto uvimbe utapungua. Yule mkubwa anaweza kuchukua wiki kadhaa, hivyo nimemwonyesha mama namna ya kumkandamiza mgongoni asubuhi na jioni, karibu na dume: akisimama wima asisogee, ndipo apandishwe. Akifika wiki 8 bila dalili, nitarudi na daktari wa mifugo tujadili sindano. Akishika mimba, ni siku 114 hadi kuzaa.

Saa 8 ugali na sato. Saa 9 ripoti.

Saa 1 usiku namtumia mfugaji wa Misungwi ujumbe wa sauti kuhusu yule huntha: madume wa uzao ule wahasiwe, majike wanenepeshwe kwa nyama. Halafu mchinjaji ananipigia, kesho analetewa jike kutoka Magu, naye anaitwa tasa. Nimemwambia kabla hajalipa amuulize mwenye naye mambo mawili: anamlisha nini, na mara ya mwisho alimwona na joto lini.