Kutoka Anderston hadi Grummore: safari ya kumtafuta nyanya yake babu

Baba mkwe wangu alitimiza miaka 81 mwezi wa Machi, na zawadi aliyoitaka ilikuwa moja tu: ajue kwao ni wapi. Familia yao ni ya Glasgow tangu enzi ambazo mtu aliye hai anaweza kuzikumbuka. Kila mtoto wa ukoo amelishwa hadithi ile ile, kwamba wazee walichomewa nyumba huko kaskazini wakashuka kwa miguu. Kaskazini wapi? Ni nani hasa aliyechomewa? Hapo hadithi hukatika.

Miaka kadhaa nyuma alimlipa mtu amtafutie. Akaletewa mti wa ukoo uliochorwa vizuri, una nembo juu, unampandisha hadi kwa chifu. Akautundika sebuleni. Jioni moja nilisimama mbele yake nikaanza kujumlisha miaka, nikaona mtoto kazaliwa miaka miwili baada ya mama yake kuzikwa. Wiki nzima nilihangaika namna ya kumwambia. Nilipomwambia, aliushusha mwenyewe ukutani bila neno. Kesho yake akanipigia simu: "Binti yangu, twende wewe na mimi. Tukaone kwa macho yetu."

Mimi ni mtu wa Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu. Jina la mahali petu ni neno "Scot" jinsi lilivyotoka mdomoni mwa wazee wetu, kwa kuwa wamisheni wa Uskoti walihamia hapo mwaka 1898 kutoka Kibwezi. Walitubatiza na kutuandika vitabuni mwao. Tuliposhuka kwenye treni Edinburgh mwezi wa Mei, mzee kanishika mkono, nilijua safari hii naenda mimi kuwasoma wao.

Nyumba ya Kumbukumbu, inakohifadhiwa rejista za Uskoti, iko hatua chache kutoka kituo cha treni cha Waverley, mwanzo wa mtaa wa Princes. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1774. Unapita chini ya kuba kubwa jeupe, unaketi mbele ya kompyuta, na kurasa zilizoandikwa kwa wino karne mbili zilizopita zinakuja kwa picha, pamoja na madoa yake.

Uskoti haikuwa na usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo hadi tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo kuna rejista za parokia za Kanisa la Scotland, na iliyotangulia zote, ya Errol kule Perthshire, inaanzia 1553. Lakini vitabu hivyo vina mashimo. Kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza peni tatu kwa kila jina lililoandikwa, na wazazi wengi hawakujisumbua kuandikisha. Mwaka 1843 kanisa likapasuka, karibu theluthi moja ya wachungaji wakaondoka kuanzisha Kanisa Huru, na watoto waliobatizwa huko hutawakuta kwenye kitabu cha parokia. Halafu kuna lugha. Watu wa nyanda za juu walisema Kigaeli, ila karani aliandika Kiingereza. Mwanamke aliyeitwa Oighrig nyumbani aliweza kuandikwa Effie, au Euphemia, au hata Henrietta, kutegemea nani kashika kalamu siku hiyo.

Tulianza na tuliyemjua, babu yake mzee, tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Ukoo ni Mackay. Majina ya kwanza sitayaandika, mzee ameomba yabaki ya nyumbani. Kumtafuta Mackay wa kaskazini ni kama kumtafuta Kamau wa Kiambu. Skrini ilijaa hao hao, ukurasa baada ya ukurasa. Kilichotuokoa ni mwanamke. Katika rekodi za Uskoti mke haliachi jina la kwao. Ameolewa, amezaa, amezeeka, na bado karani anaandika jina la baba yake. Basi tukawaacha akina Mackay wanaume na kumfuata nyanya yake babu.

Sensa ya 1841 tulimkuta Anderston, mtaa wa wafumaji wa nguo Glasgow, umri 45. Sikuuamini umri huo, kwa sababu mwaka ule makarani waliagizwa kuwapunguzia wote waliozidi miaka 15 hadi tano iliyo chini: wa 49 anakuwa 45. Swali la alikozaliwa lilikuwa la kaunti tu, ni hii au siyo hii. Kwake waliandika siyo. Sensa ya 1851 ilipaswa kutaja parokia, lakini karani aliandika "Sutherland" akaenda zake. Kaunti nzima ya kaskazini! Mzee alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akaifuta tena.

Kisha cheti cha kifo. Alifariki Novemba 1855. Mwaka ule wa kwanza wa usajili serikali iliuliza mambo mengi mno: majina ya wazazi wote wawili, mwenzi, watoto na umri wao, marehemu alizaliwa wapi, na amekaa hapo miaka mingapi. Makarani walilalamika kazi ni nzito, na mwaka 1856 maswali kadhaa yakafutwa, la mahali pa kuzaliwa likiwemo. Angeishi wiki chache zaidi, tungempoteza.

Umri miaka 61. Amezaliwa parokia ya Farr, Sutherland. Amekaa hapa miaka 36.

Mzee alitoa hesabu kwa vidole mezani, kama mtoto. 1855 toa 36. "Kumi na tisa," akasema. Akarudia, sauti imemkauka: "Elfu moja mia nane kumi na tisa."

Mwaka huo kila mtu wa kaskazini anaujua. Ardhi ya Strathnaver, bonde la parokia ya Farr, ilikuwa ya Countess wa Sutherland na mumewe, na waliitaka kwa ajili ya kondoo, maana kondoo walilipa kodi kubwa kuliko watu. Watu walifukuzwa mwaka 1814. Patrick Sellar, aliyesimamia kazi hiyo, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa kuchoma nyumba na kusababisha vifo, akaachiliwa. Mwaka 1819 wakarudi kumaliza bonde lililobaki, moto juu ya mapaa.

Chini ya cheti kuna sahihi ya mwanawe aliyeripoti msiba. Hakujua kuandika. Ni msalaba tu, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, wino umejikusanya pale kalamu iliposimama. Mzee aliugusa kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya kidole.

Kwenye rejista ya Farr tulikuta wasichana watatu wenye jina moja waliobatizwa ndani ya miaka mitano. Cheti kilikuwa kimeshatupa jina la mama yake, kwa hiyo wawili walianguka mara moja. Na kulikuwa na ushahidi mwingine ambao mimi niliuona kabla ya mzee. Waskoti wa zamani walimpa binti wa kwanza jina la nyanya mzaa mama, na mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba. Nilimwonyesha mzee binti mkubwa wa yule nyanya kwenye sensa: jina lile lile la mama yake nyanya aliyebaki Farr. Nikamwambia, "Baba, kwetu pia tunarudisha wazee hivi, ila sisi binti wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba." Akanitazama muda mrefu. "Kwa hiyo mnajua," akasema.

Ubatizo ulitaja kijiji: Grummore.

Mume wangu alituendesha kutoka Inverness. Ukishapita Lairg, barabara inakuwa ya gari moja, kilomita kama 34 hadi Altnaharra, nyasi za rangi ya simba pande zote, nyumba za kuhesabu. Grummore iko ukingoni mwa Ziwa Naver, upande wa kaskazini, na mlima Klibreck ng'ambo. Kuta zimebaki kimo cha goti, zimevaa nyasi. Kondoo bado wako.

Mzee aliingia kwenye nyumba moja iliyobomoka, ndefu, watu walilala upande wa juu na ng'ombe upande wa chini. Hatukuwa na namna ya kujua ni ya nani. Aliipima kwa hatua, fimbo mkononi, nikihesabu: 22. Sensa ya 1861, iliyouliza kila kaya ina vyumba vingapi vyenye dirisha, ilimkuta yule mwana wa msalaba Anderston na watu saba kwenye chumba kimoja. "Saba," alisema, amesimama palipokuwa mlango. "Dirisha moja."

Miguuni pake kulikuwa na thabai, yale majani yanayowasha. Huota pale walipoishi watu na mifugo, udongo haujasahau samadi. Nilivuta mkono wa sweta ukafunika vidole, nikachuma machipukizi ya juu kama nyanya yangu alivyonifunza, nikajaza mfuko.

Jioni tulifika Bettyhill. Kanisa la zamani la Farr sasa ni makumbusho, na mimbari ya 1774 bado imesimama, ambapo inasimuliwa watu walisomewa amri ya kuhama. Mwaka ule ule wa jiwe la msingi la Edinburgh. Mzee aliketi kwenye benchi la mbele hadi walipotaka kufunga.

Mwenye nyumba tuliyolala alituachia jiko. Nilichemsha thabai, nikaziponda na viazi. Mzee alikula sahani mbili, akauliza zinaitwaje kwetu, akalijaribu neno mara tatu mpaka likakaa. Kisha akaomba karatasi na kalamu, akaanza kuwaandika, kuanzia yeye kurudi nyuma, wanawake kwa majina ya kwao.