Mkia wa ng'ombe, mchele wa Valencia

Kwetu Tanga ukiletewa sahani ya pilau, jicho linakwenda kwenye nyama kwanza. Hakuna anayesema kitu, lakini kila mtu anahesabu vipande vyake na vya aliyekaa ubavuni, na mpishi anajua kwamba atasemwa kwa nyama kabla hajasemwa kwa wali. Hapa Valencia, Hispania, ni kinyume. Jumapili mchana watu wakishakaa mezani, kijiko cha kwanza ni cha wali mtupu. Wanatafuna polepole, wanatazamana, kisha mkubwa wa nyumba anatoa hukumu: umefika, au umepitiliza, au supu ilikuwa nyepesi. Nyama ipo, imelala pembeni, na hakuna anayeigombea. Ilichokuwa nacho imeshakitoa.

Leo nimepika wali wa mkia wa ng'ombe. Wenyewe huuita arroz meloso de rabo de toro, na kabla sijaendelea niweke jambo moja sawa: hii si paella, ule wali wao maarufu. Ukimwambia Mvalencia umepika paella ya mkia wa ng'ombe, atakusikitikia au atakufungulia darasa. Paella ya kwao ina kuku, sungura, maharage ya kijani mapana, maharage meupe makubwa, nyanya, mafuta ya zeituni, zafarani, chumvi, maji na mchele, basi. Vingine vyote wanaviita "wali na vitu". Sina ugomvi nao. Wali na vitu wangu unanitosha.

Wali wao una hali tatu. Kuna mkavu, ambao ndio wa paella. Kuna wa majimaji, unaoliwa kwenye bakuli kama supu. Na kuna huu wa katikati, wenye rojo zito, ukiuweka kwenye sahani unajitandaza wenyewe taratibu halafu unatulia. Mkia unaufaa huu wa katikati kuliko mwingine wowote, na sababu iko kwenye mkia wenyewe.

Sifa ya mkia ni ya Córdoba, kule kusini. Wanaupika masaa kwa masaa na vitunguu, karoti na divai nyekundu. Divai haiingii jikoni kwangu, kwa hiyo natumia maji ya komamanga. Mwezi huu wa Novemba soko limejaa komamanga za Elche, zenye mbegu laini usizohitaji kuzitema. Kasoro yake ni utamu uliozidi, nami nakamulia ndimu ili kuukata. Nyama nanunua kwenye bucha la halali mtaa wa Russafa, na pale huhitaji kueleza chochote: unasema mkia kwa ajili ya wali, muuzaji anazikata pingili na kukuchanganyia nene za mwanzoni na nyembamba za mwishoni. Zile nyembamba watu huzidharau kwa kuwa hazina mnofu. Mimi ndizo ninazozitaka. Ni mfupa, gegedu na mishipa mitupu, na supu inatoka humo.

Kazi inaanza Jumamosi. Kilo mbili za mkia kwa watu sita. Nilizikausha pingili kwa kitambaa, nikazipaka chumvi, nikazikaanga chache chache kwenye chungu kizito cha chuma, bila kuzigusagusa, mpaka upande wa chini ukawa kahawia iliyokolea. Ukijaza chungu, nyama inatoa maji na unajikuta unachemsha badala ya kukaanga. Kisha vitunguu. Hapa mkono wa pilau lazima uufunge, maana sisi tunakaanga kitunguu kwa moto wa haraka mpaka kiwe cheusi-cheusi, kwa ajili ya rangi. Wao wanakiyeyusha. Moto mdogo, mafuta ya zeituni, chumvi kidogo, nusu saa nzima au zaidi, mpaka usikione tena kama kitunguu.

Halafu ule unga mwekundu wa pilipili tamu unaotoka La Vera, mkoa wa Cáceres. Pilipili zinakaushwa kwa moshi wa kuni za mwaloni kwa karibu wiki mbili, ndipo zinasagwa. Ukifungua kopo tu jikoni kunanukia kama kuna mtu kachoma nyama uani. Unga huu hauna subira: ukitua kwenye mafuta yenye moto mkali unaungua papo hapo na kuwa mchungu, na uchungu wake hauondoki. Ninaepua chungu kwanza, natia kijiko kimoja cha chai, nageuza mara mbili, na nyanya ziko tayari mkononi kumwagwa juu. Nyanya wanazikuna kwenye kikunio, ganda linabaki kiganjani. Namna hii nimeihamishia hata kwenye mchuzi wa samaki, na kumenya nyanya kwa maji ya moto nimeacha.

Baada ya hapo ni ñora mbili, zile pilipili kavu za mviringo za upande wa Alicante na Murcia, zisizowasha. Unaziroweka, unaikwangua nyama yake ya ndani kwa kijiko, ganda unatupa. Maji ya komamanga, jani la bay, maji ya kufunika nyama yote, kifuniko. Moto wa chini kabisa kwa masaa matatu na zaidi kidogo. Bibi wa ghorofa ya pili, jirani yangu, anatumia sufuria ya presha na kumaliza chini ya saa moja, na ananicheka. Nyama yake inalainika vizuri tu, sibishi. Ila mimi napenda kuonja njiani na kurekebisha, na sufuria ya presha haikupi nafasi hiyo.

Usiku nilikiweka chungu kwenye friji, na asubuhi kilikuwa kama nilivyotarajia: juu tabaka la mafuta gumu la rangi ya chungwa, chini yake supu imeganda na inatikisika. Mtu aliyewahi kuacha supu ya makongoro ikapoa anaijua hali hii. Zile tishu za mishipa na gegedu, zikipata moto mdogo wa muda mrefu, zinayeyuka na kuwa ute unaonatisha midomo. Mafuta niliyaondoa karibu yote, nikabakisha kijiko kimoja cha kukaangia mchele. Nyama niliichambua mifupani kwa vidole na kuiweka kando. Supu niliichuja, nikaiongeza maji mpaka ikafika lita mbili na ziada, nikaiweka jikoni ikachemka.

Sasa mchele, na hapa ndipo mama yangu alipopiga simu ya video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unapika nini?"

Nikamwelekezea simu kwenye bakuli la mchele.

"Umeshauosha?"

"Hauoshwi, mama. Ule weupe wake ndio unaotakiwa."

Akanyamaza kidogo. "Lakini umeuchambua?"

Mchele wa hapa unatoka mashamba ya Albufera, kilomita chache kusini mwa mji, pembezoni mwa ziwa. Wanapanda Mei, wanavuna Septemba, na kipindi hiki cha mwaka mashamba yamefunguliwa maji tena, ukipita na basi unaona anga mara mbili. Punje ni fupi na nene, haina harufu yoyote. Kwa mtu wa mchele wa Kyela, au wa pishori ya Mwea, hiyo inaonekana kama kasoro, na mwanzoni nilidhani nimeuziwa mchele wa zamani. Lakini mchele wenye harufu yake unakuja mezani na maneno yake mwenyewe. Huu unakuja kimya na kunywa supu uliyoipa. Ndiyo maana siwashauri mlioko nyumbani mpike chakula hiki kwa basmati au Kyela. Tafuteni mchele wowote mfupi, wa bei ya chini hata, utafanya kazi vizuri zaidi.

Aina zinazouzwa sana ni Bomba na Senia. Bomba ni ghali, inavumilia, unaweza kuisahau dakika mbili na isipasuke. Mikahawa inaipenda kwa sababu hiyo. Senia inanyonya ladha zaidi lakini haisamehi: ikipitiliza inafunguka na kuwa uji. Mimi natumia Senia na nakaa jikoni.

Nusu kilo nikaikaanga kwa kile kijiko cha mafuta, pamoja na ule mchuzi mzito wa vitunguu uliobaki kwenye chujio, mpaka punje zikang'aa, kisha supu ikiwa inachemka, yote kwa pamoja isipokuwa vikombe viwili vya akiba. Moto mkali dakika tano, kisha wa wastani. Huu wa rojo unaruhusiwa kugeuzwa mara mojamoja. Ule mkavu ukiugeuza tu, wanakutoa jikoni.

Zafarani ilikuwa imesubiri. Nyuzi chache nilizipasha ndani ya karatasi juu ya kifuniko cha moto, nikazisaga kwa vidole, nikaziroweka kwenye supu kidogo. Ni ya La Mancha ya mavuno mapya, maana maua yanachumwa mwishoni mwa Oktoba alfajiri kabla hayajafunguka vizuri, na kila ua lina nyuzi tatu tu. Ukijua hivyo bei haikushangazi. Niseme pia wasiyoyasema kwenye vipindi vya upishi: nyumba nyingi hapa wanatia rangi ya unga, ya njano, ya pakiti. Bibi wa ghorofa ya pili anayo kabatini. Nilipoiona nilicheka, nikakumbuka rangi ya biriani kwenye kila duka la viungo la pwani yetu.

Mama alikuwa bado yupo kwenye simu. Alipoona rojo linavyotokota akauliza kwa upole wa mtu asiyetaka kukosea, "Huo ni wali au uji, mwanangu?" Kisha akauliza jambo la maana zaidi: ukoko upo? Ikabidi niseme haupo. Wali wa rojo hautoi ukoko. Ukoko ni wa ule mkavu, na huko wanaupenda kama sisi, wanaukwangua chini ya kikaango na watu wazima wanagombana. Mama akaona basi nimechagua vibaya. Nilipomwambia ule wa oveni, wa mji wa Xàtiva, unashika ukoko pembeni mwa chungu, akasema wiki ijayo nipike huo.

Wa oveni ndio aliokulia bibi wa ghorofa ya pili. Unapikwa kwenye chungu cha udongo kipana kisicho na kina, kwa supu iliyobaki jana yake, pamoja na dengu nzima, viazi, nyanya, mbavu na soseji ya damu, hizo mbili za mwisho ni za nguruwe na kwangu zinageuka mbavu za kondoo. Katikati wanaweka kichwa kizima cha kitunguu saumu. Siku za mfungo, pasipo nyama, wanakiita kwale, yule ndege. Mezani anatangazwa kwale, na kila mtu anajua ni kitunguu saumu. Zamani nyumba nyingi hazikuwa na oveni, basi chungu kilibebwa kikiwa na kila kitu mpaka kwa mwoka mikate wa kijiji, na baadaye kinafuatwa. Ndiyo sababu wengine wanauita wali wa kutembezwa. Bibi anasema njiani wanawake walichunguliana vyungu, na kabla ya saa saba mchana kijiji kizima kilijua nani amenunua mbavu na nani amepika kwale.

Dakika ya 16 nikazima moto, punje ikiwa bado ina kiini kidogo, nikarudisha nyama, nikafunika dakika nne. Tukala saa nane. Usiku hawali wali hapa, wanasema unalala tumboni. Mume wangu, ambaye ni wa Lamu, alichukua nyama kwanza. Bibi alichukua wali, akatafuna, akasema supu iko sawa ila ndimu ingepungua. Nikaonja tena. Ni kweli, ingepungua.

Wali uliobaki haupashwi moto, unakuwa gundi, kwa hiyo nilipika wa kutosha tu. Nyama ilibaki kama bakuli moja. Hiyo kesho naichanganya na sosi nzito ya maziwa na unga, naiacha igande, naviringisha vidonge, navichovya kwenye yai na chenga za mkate, nakaanga. Croquetas za mkia. Binti yangu leo aligusagusa sahani yake na kuacha nusu, akauliza mara mbili kama nyama imebaki.